Futi 1,000 hazimlindi mcheza densi

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka burudani za watu wazima, yaani sinema za ngono na kumbi za densi za utupu, zipigwe marufuku mjini. Sikubaliani naye. Marekani wameshajaribu mengi: Detroit ilizitawanya zisikae pamoja, Boston ikazirundika eneo moja mwaka 1974, mji wa Renton ukazuia sinema za ngono ndani ya futi 1,000 kutoka makazi, shule, makanisa na bustani. Mahakama ya Juu ikaibariki Renton mwaka 1986, kwa hoja kwamba mji ulilenga madhara kwa majirani, si maudhui ya filamu. Sawa, jirani kapona. Na mcheza densi wa ukumbini anayekatwa malipo yake na kushikwashikwa na wateja je? (Hapo madiwani huwa kimya.) Mimi naona bora leseni ya kila mwaka, mkaguzi aingie bila kubisha hodi, na mwenye ukumbi akikiuka anyang'anywe.