Simu ya mwanafunzi si bangi

Juzi mwanangu wa miaka 15 alinuna mezani. Shuleni kwao, hapa Ujerumani, walifunguliwa Wahl-O-Mat, ile programu ya uchaguzi. Unapewa madai 38, kila moja unalijibu nakubali, sikubali au niko katikati, mwisho inakuonyesha chama kilicho karibu na majibu yako. Yeye ilimtolea chama anachokitukana kila siku. Mwalimu hakumwambia kama ni sawa au si sawa. Alimwambia arudi atafute ni madai gani yaliyompeleka huko, kisha ajieleze mbele ya wenzake.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nilimkumbuka mpwa wangu wa S.3 (sekondari mwaka wa tatu) kule kwetu Busia, Uganda, ambaye simu yake ilikamatwa bwenini ikavunjwa kwa nyundo paredini, shule nzima ikitazama. Kwetu simu ya mwanafunzi na bangi ni ndugu wa tumbo moja.

Najua mtakachosema: "Huyu kaonja theluji, sasa anatufundisha." Tulieni. Hawa watu si malaika wa teknolojia. Duka la mikate mtaani kwangu halipokei kadi, na ofisi moja ilinitaka nitume fomu kwa faksi. Faksi, jamani! Pesa za simu zilitufikia Uganda 2009, na leo mama muuza matoke anapokea malipo bila hata kunyanyuka kwenye kigoda. Kwa vifaa hawatuzidi kihivyo. Wanachotuzidi ni kwamba tangu 2002 taasisi ya serikali yao ya elimu ya siasa inaweka madai hayo mezani, vijana wakishiriki kuyaandika, vyama vyenyewe vikiyajibu, na mtoto anaulizwa: wewe unaonaje?

Sisi "dijitali" ya SST, somo la maarifa ya jamii, ni mwalimu kupiga picha noti zilezile za ubaoni na kuzirusha WhatsApp ya wazazi. Mtoto ananakili wajibu wa raia mwema, anaukariri kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, yamekwisha. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikuja na mambo mazuri, historia imeunganishwa na elimu ya siasa, mtoto achunguze, ajadili. Sibishi. Ila mwezi Machi shule zikafungwa kwa korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na mengine mnayajua.

Msiniambie watoto wetu hawajawa tayari. Uraia wameshafundishwa kwa simu, na mwalimu alikuwa serikali yenyewe. 2018 walisomeshwa kodi: shilingi 200 kwa siku ndipo uingie WhatsApp. Januari 2021 wakasomeshwa uchaguzi: Facebook ikafungwa, na usiku wa kuamkia kura intaneti nzima ikazimwa. Mtoto wa S.2 asiyejua ibara hata moja ya katiba ya 1995 atakutajia VPN (programu ya kupenya mitandao iliyofungwa) isiyokula bando.

Mwingine atadai kubishana hadharani si desturi yetu. Ati? Na bimeeza je? Watu wa Kampala walikuwa wanakusanyika, kipaza sauti kinazunguka, wanawachambua wakubwa moja kwa moja redioni, mpaka serikali ilipopiga marufuku Septemba 2009. Hakuna Mjerumani aliyetufundisha hilo.

Halafu yupo wa "umeme hakuna, bando ghali". Kweli kabisa. Lakini katochi hiyohiyo, simu ndogo ya vitufe, inatuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli, bila intaneti. Itashindwaje kupokea 1 ya nakubali na 2 ya sikubali? Madai yawe ya kwetu. Ushuru wa soko upunguzwe. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, asitoze pesa kwa barua ya utambulisho. Bodaboda waondolewe katikati ya mji. Hata kama simu ni moja tu, ya mwalimu, wanafunzi waipokezane, wahesabu kura wenyewe, waliopingana wasimame wajieleze, na mwalimu ajizuie kutoa jibu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko umeme. Mwalimu wetu amezoea kuwa na jibu, na mimi nimelelewa na walimu wawili, nawajua.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa bodi ya shule. Akaguna, akasema watoto wakizoeshwa hivyo, kesho watataka kujua pesa za PTA, umoja wa wazazi na walimu, zinakwenda wapi.

Ndiyo, mzee wangu. Acha waulize.