Air America walikosea kupangua vipindi, au hawakuwa na jinsi?

Kila stesheni ikimuondoa mtangazaji wa asubuhi watu wanagawanyika makundi mawili, kuna wanaosema bosi kaua redio na kuna wanaosema biashara ni biashara, na ukikaa nao kijiweni hamtoki hapo. Mimi huwa nikiingia kwenye huo ubishi natoa mfano mmoja tu, Air America, ile netiweki ya redio za mazungumzo ya mrengo wa kushoto kule Marekani. Ilianza tarehe 31 Machi 2004, ikazima Januari 2010. Haikufika hata miaka sita, na ndani ya hiyo miaka ratiba yao ilipanguliwa mpaka ukiulizwa nani alikuwa anatangaza saa ngapi inabidi kwanza uulize mwaka gani na mwezi gani.

Kwa ambaye hakuifuatilia, mwaka 1987 serikali ya Marekani iliondoa ile kanuni iliyokuwa inazibana stesheni zitoe nafasi kwa pande zote za hoja, mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika nchi nzima, na kufika miaka ya 2000 ukifungua mawimbi ya AM karibu mji wowote unakutana na mhafidhina anafoka. Sasa wakatokea mtu na mkewe wa Chicago, Sheldon na Anita Drobny, wakasema na sisi tufanye ya kwetu, na isiwe kipindi kimoja kimoja, iwe siku nzima kuanzia asubuhi mpaka usiku. Na wakaifungua mwaka wa uchaguzi, Bush anatetea kiti chake.

Ratiba ya siku ya kwanza ilikuwa tamu, lazima tukiri. Saa za New York, asubuhi na mapema unaye Marc Maron na Mark Riley kwenye Morning Sedition, vichekesho na habari vimechanganywa. Saa tatu mpaka saa sita mchana ni Unfiltered, yupo Lizz Winstead aliyeshiriki kuanzisha The Daily Show, kile kipindi cha TV cha kuchekesha na habari, yupo Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy, na pembeni kuna dada mmoja katokea redio za miji midogo ya Massachusetts hakuna anayemjua, anaitwa Rachel Maddow. Saa sita mpaka saa tisa mchekeshaji Al Franken, yeye ndo jina kubwa. Saa tisa mpaka saa moja jioni Randi Rhodes, huyu ndo alikuwa mtu wa redio hasa, kajijenga miaka mingi Florida. Usiku Janeane Garofalo na Sam Seder na The Majority Report.

Ukiangalia hiyo listi utaona kitu, wengi ni wachekeshaji na watu wa jukwaani, waliokwisha kukaa mbele ya maiki masaa matatu kila siku wanahesabika. Na masaa matatu ya redio ya maongezi sio mchezo jamani, hakuna muziki wa kukuokoa, ukiishiwa umeishiwa na watu wanakusikia ukiishiwa.

Upande wa mabosi nauanza makusudi maana ndo unaoonewa sana. Hii netiweki ilizaliwa na deni mgongoni. Wiki mbili tu baada ya kufungua, stesheni za Chicago na Los Angeles walizokuwa wamezikodi muda wa hewani zikawakatia matangazo kwa ugomvi wa malipo. Mwaka uliofuata likalipuka lile la pesa kutoka klabu ya watoto ya Gloria Wise kule Bronx, dola 875,000 zilizoingia kwenye redio wakati wa uongozi wa mwanzo, na wapinzani wao wakala nalo miezi. Oktoba 2006 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka 2007 akina Green, Stephen na mdogo wake Mark, wakainunua kwa kama dola milioni 4.25 hivi, ambayo kwa netiweki ya nchi nzima ni bei ya kutupa. Mwaka 2008 ikahamia tena mikononi mwa wengine. Sasa we jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa pale, mishahara inadaiwa, wawekezaji wanauliza pesa yetu inarudi lini, watoa matangazo wakubwa hawataki majina yao yasikike kwenye siasa za kushoto. Unachoweza kugusa leo na kesho kikasikika ni kimoja tu, ratiba. Huwezi kununua mnara, huwezi kuongeza nguvu ya mawimbi, lakini unaweza kumtoa fulani ukamuweka fulani. Ni kama timu inayofungwa kila wiki, kocha ndo anaondoka, wachezaji ishirini hawafukuziki.

Alafu kuna jambo la kibiashara ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua, na mimi naona ndo kiini. Vipindi vya netiweki kule vinatembea kwa kubadilishana: stesheni ya mji fulani inachukua kipindi bure, netiweki inabaki na sehemu ya dakika za matangazo na kuziuza yenyewe. Kwahiyo stesheni hailazimiki kuchukua siku nzima. Mwenye stesheni anachukua Franken, anamuacha wa asubuhi, saa tatu anamuweka Stephanie Miller na mchana anamuweka Ed Schultz, wote hao watangazaji wa mrengo huo huo ila wa kampuni nyingine, Jones. Yaani Air America walikuwa wanapika sinia zima wateja wanachagua nyama wanaacha wali. Kipindi kisichochukuliwa na stesheni nyingi kinakula mshahara ule ule. Ukilijua hilo, baadhi ya maamuzi yanayoonekana ya kikatili unaanza kuyaelewa.

Sasa njoo upande wa pili. Baba yangu alikuwa na redio ya National, ya mbao pembeni, kile kitasa cha kutafutia stesheni alikizungushia selotepu kisihame. Watoto tulikuwa hatugusi. Asubuhi anawasha swichi tu, sauti ni ile ile, na kama siku hiyo kakosekana mtangazaji wake anauliza mama, "huyu kaenda wapi leo?", kama vile ni mtu wa nyumbani hakurudi usiku. Redio ndo hiyo. Televisheni watu wanafuata kipindi, redio watu wanafuata saa na sauti, kwamba nikiwa napiga mswaki namsikia huyu, nikifika kwenye foleni namsikia yule. Ukiivunja hiyo mara moja msikilizaji ananung'unika anazoea. Ukiivunja kila baada ya miezi kumi anatoa selotepu.

Na Air America waliivunja haswa. Chukua ile saa tatu mpaka saa sita peke yake. Aprili 2005 Unfiltered ikaondolewa akaletwa Jerry Springer, ndiyo, yule yule wa watu kurushiana viti kwenye TV. Kuwatetea kidogo, Springer alishawahi kuwa meya wa Cincinnati na siasa alikuwa anaijua vizuri tu, ila jaribu kumwambia msikilizaji aliyekuwa anamsikiliza Chuck D kwamba mbadala ni Springer. Springer akaondoka mwisho wa 2006, Seder akawa amehamishiwa asubuhi kutoka usiku, 2007 wamiliki wapya wakamtoa Seder wakamleta mtangazaji anayeitwa Lionel, 2009 akatolewa Lionel akaja Montel Williams wa kwenye TV. Mikono mitano kwa miaka mitano, saa ile ile! Na wakati huo wote saa hiyo hiyo kwenye stesheni nyingi za mrengo huo yupo Stephanie Miller, yule yule mmoja, hajahama, anajenga watu wake taratibu.

Lililowauma watu kuliko yote ni Morning Sedition. Desemba 2005 mkurugenzi Danny Goldberg, mtu wa biashara ya muziki aliyewahi kuisimamia bendi ya Nirvana, akakifuta. Wasikilizaji wakakusanya saini, haikusaidia. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba asubuhi watu wanataka habari na siasa zaidi kuliko maigizo na vichekesho. Labda. Lakini kile kilikuwa kipindi pekee pale ambacho hukuweza kukipata kwingine kokote, siasa za kumponda Bush zilikuwa kila kona, Maron akiwa na hasira zake za saa kumi na mbili asubuhi alikuwa sehemu moja tu.

Hapo ndo kesi inakuwa ngumu kwa sisi tunaopenda kulaumu mabosi. Maana panga lile lile ndo lilimtengeneza Rachel Maddow. Unfiltered ilipokufa walimbakiza, wakampa kipindi chake alfajiri, saa ambayo hata anayekosa usingizi hajawasha redio. Maron alipotolewa, yeye akasogezwa asubuhi yenyewe. Baadae 2006 akahamishiwa jioni, Machi 2008 akaongezewa saa ikawa tatu, na Septemba 2008 MSNBC wakampa kipindi cha usiku cha TV. Kama ratiba ya siku ya kwanza ingeachwa kama ilivyo kwa heshima ya mazoea ya wasikilizaji, angebaki sauti ya tatu pembeni ya Winstead na Chuck D, na huenda mpaka leo tusingemjua. Kwahiyo anayesema "wasingegusa chochote" anatakiwa ajibu na hilo.

Mengine hayakuwa hata mikononi mwa uongozi. Franken alitangaza kwaheri Februari 2007 na siku hiyo hiyo akatangaza anagombea useneta Minnesota, akaja kushinda kwa kura 312 baada ya kuhesabiwa upya mpaka basi. Nafasi yake akapewa Thom Hartmann, mtu aliyekuwa anafanya redio Portland, na ukiniuliza mimi Hartmann alikuwa mtangazaji mzuri kuliko Franken, ila hakuwa na jina la kuuzia. Rhodes naye 2008 alisimamishwa kwa matusi aliyomtukana Hillary Clinton kwenye hafla moja San Francisco, nje ya redio kabisa, akaondoka moja kwa moja. Kwa mwaka mmoja na kidogo hivi netiweki ikapoteza mchana wote, saa sita mpaka jioni, majina yote mawili yaliyokuwa yanabeba stesheni za mikoani.

Na kuna panguo moja la ratiba ambalo wapenzi wa Air America huwa hawalitaji. WLIB 1190 ya New York, stesheni mama walikoanzia, haikuwa tupu. Ilikuwa redio ya watu weusi, inamilikiwa na weusi, na kwa miaka ilikuwa na vipindi vya Wakaribi wa New York, Wajamaika, Watrinidad, watu wa Barbados. Ili Franken apate saa sita, wale ndo waliopisha. Kwahiyo msikilizaji wa Brooklyn aliyelia 2005 kuwa kipindi chake kimeng'olewa, jirani yake alikuwa ameshalia kimya kimya mwaka mmoja nyuma, na selotepu ya jirani haikuandikiwa barua. Na walipoondoka WLIB Septemba 2006 kwenda WWRL 1600 wakawalazimisha hata waliobaki waminifu kutafuta namba mpya.

Huwa naambiwa kwamba tatizo ni siasa za kushoto tu, haziuziki redioni. Sikubali kirahisi. Portland, stesheni ya KPOJ iliyokuwa inarusha vipindi vyao ilifanya vizuri hadi wenye stesheni miji mingine wakaiga. Madison, Wisconsin, mwaka 2006 wamiliki walitangaza stesheni ya The Mic inageuzwa kuwa ya michezo, wasikilizaji wakaja juu na matangazo ya biashara yakapatikana, wamiliki wakarudi nyuma, ikaendelea mpaka 2016. Ila mwisho zote mbili ziligeuzwa, KPOJ ilikuja kugeuzwa michezo Novemba 2012, siku chache tu baada ya Obama kushinda tena, na The Mic nayo ikaishia kwenye muziki. Upepo wa AM ni wa mwenye mnara, na mwenye mnara mkubwa alikuwa Clear Channel, kampuni iliyokuwa inamiliki stesheni nyingi kule. Utapanga ratiba unavyotaka, yeye anapanga kama ratiba ipo.

Mimi msimamo wangu, kama mnaulazimisha: walikuwa na haki ya kubadilisha mchana na usiku, ndiko walikong'aa Maddow na Hartmann. Asubuhi hawakutakiwa kuigusa, na ile saa tatu walitakiwa wachague mtu mmoja, hata wa kawaida, wamuache miaka mitatu azoeleke. Pesa ingewamaliza pengine vilevile. Lakini wangekufa wakiwa na wasikilizaji wanaojua wanamlilia nani.

Maron walimrudisha 2008, safari hii kipindi cha video cha mtandaoni pamoja na Seder, Julai 2009 wakakifuta nacho. Pasi ya kuingilia jengo hawakumnyang'anya. Akawa anarudi usiku na prodyuza wake, wanaingia studio zile zile za Air America watu wameshalala, wanarekodi. Septemba mosi wakaanza kuviweka mtandaoni kama podikasti, wakaiita WTF. Miezi minne baadae redio ikazimwa taa, Maron yeye akawa anarekodi gereji kwake Los Angeles, na Juni 2015 Obama, rais aliyekuwa madarakani wakati huo, akaja na walinzi wake akakaa humo gereji kuhojiwa.