Deni la Marekani na hasira ya zamu

Katikati ya New York kuna ubao wa umeme unaohesabu deni la serikali ya Marekani sekunde hadi sekunde. Mfanyabiashara wa majengo, Seymour Durst, aliutundika mwaka 1989, deni likiwa chini ya dola trilioni 3. Mwaka 2008 deni likavuka trilioni 10 na ubao ukaishiwa nafasi za tarakimu, hata ikabidi alama ya dola ipishe ili 1 ipate pa kukaa. Oktoba 2025 deni lilivuka trilioni 38.

Dawa ya deni kulipa, na Wamarekani hilo wanalijua. Wanachogombania ni nani aliyekopa na nani atoe.

Sikiliza kwanza upande wa Republican, kwa sababu una hoja. Mwaka wa fedha 2024 serikali ilikusanya karibu trilioni 4.9 na kutumia karibu 6.8. Joe Biden alipoingia madarakani 2021 alisaini mpango wa trilioni 1.9 wa kukabili athari za korona, uchumi ukiwa umeshaanza kuinuka. Larry Summers, waziri wa fedha wa zamani wa Bill Clinton, mtu wa Democratic kabisa, alionya mapema kwamba fedha hizo zingechochea bei. Juni 2022 mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.1. Vita vya Ukraine na ugumu wa usafirishaji vilichangia pia, lakini mtu aliyekuwa akilipia mayai na mafuta kwa bei ile hawezi kuambiwa kwamba matumizi ya serikali hayamhusu.

Wademocrat nao wanakumbusha historia. Mwaka 2000 bajeti ilikuwa na ziada ya dola bilioni 236. (Bunge wakati huo lilikuwa la Republican na soko la hisa lilikuwa limechangamka, kwa hiyo sifa si ya Clinton peke yake.) George W. Bush akaja na punguzo la kodi 2001 na tena 2003, akapigana Afghanistan na Iraq kwa fedha za kukopa. Donald Trump akapunguza kodi 2017, na tarehe 4 Julai 2025 akasaini sheria ambayo Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria ingeongeza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, kwa trilioni 3.4 katika miaka 10. Seneti iligawanyika nusu kwa nusu, sheria ikapitishwa kwa kura ya makamu wa rais, JD Vance. Sheria hiyohiyo ilipandisha ukomo wa deni, yaani kiasi cha juu ambacho serikali inaruhusiwa kukopa, kwa trilioni 5.

Hapo ndipo ninapokosa imani na upande wa Republican. Mwaka 2011, Barack Obama akiwa Ikulu, wabunge wao walilishikilia suala la ukomo wa deni hadi shirika la kupima uaminifu wa wakopaji la Standard & Poor's likaishusha daraja Marekani kwa mara ya kwanza. Na ukomo huo hauidhinishi matumizi mapya. Unga umeshachukuliwa dukani na kuandikwa kwenye daftari. Kinachobishaniwa ni kama mwenye duka alipwe. Mwaka 2023 Warepublican wanane waliungana na Wademocrat kumng'oa Spika wao wenyewe, Kevin McCarthy, siku chache baada ya kupitisha bajeti ya muda kwa msaada wa kura za Democratic. Miaka miwili baadaye, rais akiwa wao, trilioni 5 zilipita, na waliokataa katika kura ya mwisho, kama seneta Rand Paul na mbunge Thomas Massie, unawahesabu kwa vidole.

Hata hivyo kuna jambo ambalo vyama vyote viwili vinalikwepa pamoja. Februari 7, 2023, Biden akilihutubia Bunge alisema baadhi ya Warepublican wanataka kugusa pensheni na bima ya afya ya wazee. Wakamzomea. Akawajibu kwamba basi tumekubaliana, haziguswi, akawaomba wasimame kwa ajili ya wazee. Ukumbi ukasimama, pande zote mbili, kwa makofi. Mimi naiona ile kuwa picha ya kweli zaidi ya siasa za deni la Marekani. Pensheni, matibabu, ulinzi na riba ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa kabisa ya bajeti, na riba peke yake mwaka 2024 ilizidi matumizi ya jeshi. Republican hawataki kupandisha kodi. Biden aliahidi kutomgusa anayepata chini ya dola 400,000 kwa mwaka. Toa hayo yote mezani, uone kinachobaki.

Kinachobaki ni vidogo, na vidogo hivyo vina watu. Mwaka 2025 shoka lilishukia misaada ya nje, ambayo ni takriban asilimia 1 ya bajeti. USAID, shirika la Marekani la misaada hiyo, ikafungwa, na kliniki za Kenya, Uganda na Tanzania zilizotegemea fedha hizo zikatikisika. Matumizi ya jumla ya mwaka huo bado yaliongezeka. Kisha, Bunge liliposhindwa kukubaliana kuhusu bajeti, kuanzia Oktoba 1 shughuli za serikali zikafungwa kwa siku 43. Waongoza ndege walikaa minarani wakielekeza ndege bila mshahara, na Novemba msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ukakwama. Sikubali kwamba huko ni kubana matumizi. Deni halikupungua hata senti.

Mwaka 2025 wadhamini wa mfuko wa pensheni walikadiria akiba yake itakwisha 2033. Bunge lisipochukua hatua, malipo yatakatwa kwa karibu robo, moja kwa moja, bila kura ya mtu. Aliyezaliwa 1966 atatimiza miaka 67, umri wa pensheni kamili, mwaka huohuo. Sijamsikia Trump, wala viongozi wa Democratic bungeni, wakimwambia atapokea kiasi gani.