Sindano ya rezusi Lubumbashi: tumpe nani kwanza?

Rezusi ni alama iliyo juu ya chembe nyekundu za damu: aliye nayo ni chanya, asiye nayo ni hasi. Mama mwenye rezusi hasi akibeba mtoto mwenye rezusi chanya, huyo wa kwanza kwa kawaida huzaliwa salama. Shida huanza damu ya mtoto inapoingia kwa mama wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona ni ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kitu kigeni, nazo mimba ijayo huvuka kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Huyu huzaliwa amepungukiwa damu, umanjano unampanda siku ya kwanza, na wengine hufia tumboni. Sindano ya anti-D, inayotumika tangu 1968, huzuia hayo ikichomwa ndani ya saa 72 baada ya kuzaa.

Wanaosema fedha ziende kwanza kwenye malaria na damu salama wana hoja nzito. Waafrika wenye rezusi hasi hawafiki 10 kwa 100, na dawa yenyewe inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, katika mji ambao umeme hukatika kila mara.

Hata hivyo, bila sindano, karibu mama 16 kati ya 100 wenye rezusi hasi waliozaa mtoto chanya hupata kingamwili. Wakichomwa sindano baada ya kuzaa, hubaki mmoja au wawili. Katika mitaa ya Lubumbashi kama Katuba au Ruashi, ambako mama huzaa mara nyingi, kingamwili zikishaingia huhatarisha kila mimba inayofuata, na hapo sindano haisaidii tena. Mimi nasimama upande wa sindano.

Kupima kingamwili kwa kila mjamzito, hapo nasita. Kweli, anti-K na anti-c, kingamwili za aina nyingine, huwapata hata wenye rezusi chanya, hasa walioongezewa damu, na watoto wetu wengi huongezewa kwa sababu ya malaria. Lakini majibu yana faida pale tu penye damu inayolingana na taa ya bluu ya kutibu umanjano. Tuanze na walioongezewa damu na waliopoteza watoto, wakiwemo walioharibikiwa mimba nyumbani bila kuandikwa popote.

Grupu la damu lipimwe kliniki ya kwanza, na la baba pia: naye akiwa hasi, sindano haihitajiki. Akiwa chanya, familia ina miezi ya kutafuta hela, badala ya kuzunguka kwenye famasi huku zile saa 72 zikiisha.