Mkojo Uliosubiri Mezani Usisomwe

Makosa mengi ya upimaji wa mkojo kwa hadubini hutokea kabla slaidi haijafika chini ya lenzi. Vikopo hupangwa mezani tangu asubuhi vikisubiri idadi ya kutosha kuwasha sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli, kisha vyote vinasomwa kwa mkupuo. Utaratibu huu uachwe. Mkojo uliokaa saa nne kwenye joto la chumba si ule aliotoa mgonjwa.

Bakteria huendelea kuzaliana humo, wengine wakiongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Wanaovunja urea hutoa amonia, mkojo unageuka alkali, kasti (vipande vyenye umbo la silinda vinavyoundwa ndani ya mirija ya figo) zinayeyuka na seli nyeupe zinapasuka. Mkojo ukiwa mwepesi, seli nyekundu nazo hupasuka. Trikomonasi, kimelea cha zinaa, huacha kuogelea, na akishatulia ni rahisi kumhesabu kama seli nyeupe. Hata mayai ya kichocho yanaweza kuanguliwa humohumo kikoponi. Jibu linatoka "bakteria wengi", mgonjwa anapewa antibiotiki asiyoihitaji, na kasti zilizokuwa zinaonyesha kuwa figo ndiyo inayougua hazipo tena.

Sampuli isomwe ndani ya saa moja, ikishindikana mbili. Friji ya nyuzi 2 hadi 8 huzuia bakteria, lakini baridi huweza kuleta chembe za urati (chumvi za asidi ya uriki) zinazofunika kila kitu. Kupasha sampuli hadi nyuzi 37 huweza kuziyeyusha.

Changanya mkojo vizuri, mimina mililita 10, zungusha kwa nguvu ya g 400 (mara 400 ya nguvu ya uvutano) kwa dakika 5. Nasisitiza g, kwa kuwa mizunguko ileile kwa dakika hutoa nguvu tofauti rota, ile sehemu ya sentrifuji inayozunguka, ikiwa na ukubwa tofauti. Usitumie breki, mashapo yatatibuka. Mwaga mkojo wa juu, bakiza nusu mililita, changanya taratibu, kisha weka mikrolita 20 chini ya kava (kioo chembamba cha kufunikia) ya milimita 22 kwa 22. Ukibakiza nusu mililita leo na mililita nzima kesho, hesabu za siku hizo mbili hazilinganishiki.

Halafu mwanga. Kasti ya hialini karibu haina rangi, na taa kali huifuta kabisa machoni. Shusha kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga), bana mwanga, pitia kingo za kava kwa lenzi ya x10, maana kasti hupenda kukimbilia huko. Ndipo uhamie x40 na kuhesabu seli katika maeneo 10.

Ukishindwa kutofautisha seli nyekundu na fangasi wa hamira, tone la asidi ya asetiki ya asilimia 2 litaamua: seli nyekundu hupasuka, hamira hubaki. Na ukishazitambua, usiishie kuandika idadi. Seli nyingi zilizoharibika umbo, hasa zenye vinundu vya kuchomoza, huelekeza kwenye vichujio vya figo. Zenye umbo la kawaida mara nyingi hutoka chini zaidi, kwenye njia ya mkojo. Kwa daktari, mstari huo mmoja una uzito kuliko idadi.

Seli bapa zikijaa, sampuli imechafuliwa na ngozi. Omba nyingine, ya mkojo wa katikati, yaani unaokingwa baada ya ule wa mwanzo kumwagwa. Fomu nayo iwe na saa ya kutoa mkojo pamoja na saa ya kuusoma. Bila saa hizo mbili, mtu wa maabara hana msingi wa kukataa sampuli iliyochelewa.