Namba ya NIDA si namba

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Excel ikidhani kisanduku kina namba, hutunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri, mara nyingi bila onyo. Orodha moja ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo ilinifikia hivyo, kila NIDA ikiishia na sifuri tano. Tarakimu zilizopotea hivyo hazirudi. Ilibidi watu wapigiwe simu mmoja mmoja wasome vitambulisho vyao.

Ndipo nikaandika programu ndogo ya kuhakiki orodha kabla haijaingia kwenye mfumo. Imeandikwa kwa Python, ina faili moja la JSON Schema (skima, yaani kanuni za jinsi data inavyotakiwa kuwa), na inafanya kazi kwenye kompyuta ya ofisini bila intaneti. Skima inadai NIDA iwe maandishi ya tarakimu 20. Simu nayo ni maandishi, kwa kuwa sifuri ya 07 huliwa vilevile. Kitu usichokijumlisha wala kukigawanya usikiite namba.

Tarehe ya kuzaliwa niliiwekea `format` ya `date`, kanuni ya kwamba iwe tarehe halali, nikaridhika. Kumbe jsonschema, maktaba ya Python inayokagua data kwa skima, haikagui `format` mpaka uiwashie mwenyewe kikaguzi chake kiitwacho FormatChecker, na tarehe 30 Februari ilikuwa ikipita bila kuguswa. Ukiunda skima yako, ipe data mbovu kwanza uone kama inakataa.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni swali la karani anayeitumia programu. Toleo la kwanza lilimwandikia: `is not of type 'string'`, yaani “si maandishi”. Mama yule, mzoefu wa kazi hiyo kuliko mimi, akanitazama: “Sasa mwanangu, hapa nifanyeje?” Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo naamini kwamba maneno ya kosa ndiyo programu yenyewe. Skima ilinichukua jioni moja, maneno yakanichukua wiki mbili, nikiwa nimekaa pembeni yake. Sasa anasoma: “Mstari wa 47: Excel imekata namba ya NIDA. Weka safu hii kuwa maandishi, kisha iandike upya kutoka kwenye kitambulisho.” Na anayaona makosa yote kwa pamoja, kwa `iter_errors`, amri ya jsonschema inayotoa kila kosa badala ya kuishia kwenye la kwanza, maana kumpa mtu kosa moja moja kwenye orodha ya mistari 400 ni kumtesa.

Siku hizi anaiendesha mwenyewe, na sheria anazileta yeye. Ya karibuni: simu moja isiandikishwe kwa wanachama wawili. JSON Schema haiwezi kulinganisha mistari hivyo, kwa hiyo nimeiandika pembeni kwa Python. Kisha tukakumbuka mume na mke wanaotumia simu moja. Tumekubaliana iwe onyo tu, isimzuie mtu kuandikishwa.