Bibi alisoma, msimpe "mkono mwepesi"

Juzi kwenye hitma ya bibi yetu, mzee aliyesoma wasifu kaeleza ukoo mzima, mtoto wa nani, kaolewa na nani, kaacha watoto na wajukuu na vitukuu mpaka pumzi zikamwishia, halafu kazi yake kaimaliza hivi: marehemu alikuwa nesi, na Mungu alimjaalia mkono mwepesi. Basi. Masinia yakaletwa.

Wallahi nilitaka kusimama.

Mkono mwepesi! Bibi alikuwa anabandika saa kifuani kichwa chini, anamsikiliza mtoto tumboni kwa kile kipembe cha mbao, kafumba macho anahesabu, midomo inakwenda kidogo kidogo na ole wako umsemeshe. Akimaliza ndo anasema huyu atazaa hapa hapa, au, tafuteni gari sasa hivi, msisubiri alfajiri. Hiyo ya pili ndo iliyookoa watu, maana Pemba ile ilikuwa ya jenereta (waya wa umeme wa kutoka Tanga umekuja 2010, watoto wa sasa hawajui), vijijini kandili tu, na mwanamke anayetoka damu hangoji kukuche. Kujua lini useme "hapa siwezi" hakushuki na mvua jamani. Kunasomwa, na yeye alikusoma.

Nyumbani ndo usiseme, bi mkubwa wa wote, posa kwake, ugomvi wa mirathi kwake. Sisi wajukuu alitukaririsha maji ya kumnywesha anayeharisha: maji yaliyochemka lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko. Kipindupindu cha 1978 alikiona kwa macho yake, kwa hiyo ukikosea anakurudisha mwanzo kama uko chuoni.

Haya, nakubali, sindano yake ulikuwa huisikii, na mzee wa watu hakukusudia ubaya. Lakini akifa daktari mwanamme shahada zinasomwa moja moja, akifa fundi majahazi tunataja hadi aliowafundisha. Nesi mwanamke ujuzi wake tunasema kajaaliwa tu, yeye tunambakishia huruma. (Ya manesi wa siku hizi siyaingii leo.)

Huruma gani? Bibi alikuwa mkali! Kuna mabwana wazima, na ndevu zao, wakimuona kwa mbali walikuwa wanageuza baskeli, kwa sababu aliwahi kuwafokea mbele ya watu kwa kumchelewesha mke nyumbani eti wanangoja ruhusa ya mama mkwe.